Nikiinama Kinatulia

9 Februari

Dada yangu,

Salamu kwanza. Kwako wewe, kwa wapishi wenzako wa shuleni, na kwa lile sufuria uliloniambia linaingia mtu mzima. Mimi huku nasukuma siku. Mzee Pindo, fundi wetu mkuu, anakusalimu pia. Anasema tangu uje umchukue mwanangu Kifungo hakuna tena wa kumwibia chaki ya kuchorea vitambaa, na hakujua kama mtu anaweza kutamani kuibiwa.

Nakuandikia kwa sababu simu tulikubaliana tuiache. Ile siku Kifungo aliposikia sauti yangu akazunguka nyuma ya simu kunitafuta, kisha akalia mpaka akatapika, na mimi huku sikushona hata pindo moja. Basi tuandikiane. Bahasha naiacha kwa karani wa mabasi, nawe yako acha hapo hapo. Ikichelewa tuvumiliane.

Ugonjwa ni ule ule. Daktari wangu, yule mama, amenieleza tena na safari hii nimeelewa kidogo. Lupus, anasema, ni kama askari wa mwilini mwangu wamechanganyikiwa, badala ya kumlinda mwenye nyumba wanampiga. Leo viungo, kesho ngozi, keshokutwa kwingine. Nikamwuliza, sasa hao askari watafukuzwa lini? Akacheka, akasema hawafukuzwi, wanatulizwa. Nameza dawa na kukwepa jua. Natembea na mwavuli hata siku mbingu ni nyeupe, wasichana wa karakana wananiita Mama Mwavuli. Lakini vidole vimeanza kukunjuka, Dada. Asubuhi nafunga vifungo vyangu mwenyewe. Uliondoka naye kwa kuwa sikuweza kumnyanyua. Siku nikiweza kumnyanyua tu, namfuata.

Kuna kitu kipya, kidogo, usishtuke. Kifua. Kinachoma hapa katikati, kama nimemeza maji ya moto, na nikivuta pumzi ndefu kinazidi. Nikilala chali ndiyo kabisa. Lakini ajabu, nikikaa kwenye cherehani nikainamia kitambaa, kinatulia. Nimeona dawa yake ni kazi. Nimemwomba Mzee Pindo aniongezee mashati ya shule, naye hakusubiri niombe mara mbili.

Mwonyeshe picha yangu kila jioni kama tulivyosema, ile ya kilemba cha bluu. Na nipimie urefu wake kwa uzi, begani mpaka gotini, nimshonee gauni.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Kifungo


2 Machi

Mdogo wangu niliyekubeba mgongoni,

Pole na kazi, pole na maumivu. Barua yako ilikaa kwa karani siku nyingi, kumbe alikuwa anawekea kikombe chake cha chai juu. Imenifikia na duara la kahawia. Huku hatujambo. Shule imefunguliwa na watoto wanakula kama walikuwa kifungoni.

Kifungo hajambo, amenenepa. Asubuhi namwacha kwa bibi jirani, nikirudi ananikimbilia na kunipekua mifuko. Jana alimwona jogoo, akauliza nani amemchomeka kitana kichwani. Bibi jirani amemfundisha kuamkia wakubwa, sasa imekuwa taabu. Anaamkia kila mtu, mbuzi pia, na asipoitikiwa anarudia mpaka aitikiwe. Juzi nilikuta bibi wa watu amemwitikia kwa niaba ya mbuzi ili apate amani.

Picha namwonyesha kila jioni. Anaibusu, halafu anailisha uji. Kona moja imeshalowa, usinigombeze.

Uzi huo hapo. Fundo la juu ni bega, la chini ni goti. Alikuwa anacheka na kujinyonganyonga, kwa hiyo ongeza upana wa kidole.

Sasa kifua. Umekiandika kwa mistari michache ukakimbilia mashati. Mimi nakujua wewe. Ulivyokuwa mdogo ulivunjika mkono ukaniambia umeuchosha tu. Nenda kwa daktari umwambie kama ulivyoniambia, tena bila kupunguza.

Dada yako


11 Aprili

Dada yangu,

Nakusalimu, na mbuzi namsalimu, mwambie ajifunze kuitikia. Uzi nimeupata. Nilipoufungua mezani nikauweka juu ya paja langu, nikaona amefika wapi. Gauni liko kwenye mfuko huu, la maua ya njano, mfukoni nimemtilia chaki.

Hospitali nimekwenda, usije ukasema sikwenda. Daktari wangu hakuwepo, yuko masomoni, nikaonwa na mwingine, kijana mpole. Amenipiga picha ya kifua, amenibandika waya za kupima moyo, vyote vimesema salama. Akaniuliza, ukifanya kazi maumivu yanazidi? Nikasema hapana, yanapungua, kazi ndiyo inanituliza. Akaandika. Akaniuliza, una mawazo? Nikasema mtoto wangu yuko mbali. Basi akaweka kalamu chini kama mtu aliyeokota alichokuwa anakitafuta. Akanipa dawa ya tumbo, labda ni asidi, akaniambia nipumzishe moyo.

Niliporudi wasichana wa karakana wakaniambia, si tulikwambia? Kifua cha mama aliyeachana na mwanawe ndivyo kinavyochoma. Nikakaa nikafikiri. Kweli kilianza wiki ile ile mliyoondoka. Tena ukitazama, nikiwa nashona nguo ya mtoto kinatulia, nikilala mahali alipokuwa analala yeye kinanichoma. Si unaona mwenyewe?

Kwa hiyo dawa ni yeye. Mlete mwezi wa tano, Dada. Nguvu ninazo. Nimejaribu kubeba jora zima la kitambaa, lina uzito wake kabisa, nimelifikisha mlangoni. Chumba nimeshakipanga. Dirisha nimelitundikia pazia zito, jua lisinikute nikiwa nacheza naye.

Mwandiko umepinda kidogo, naandika nimeegemea meza.

Ni mimi,
Mama Kifungo


20 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Safari hii karani hana kosa, barua yako ilifika mapema, mimi ndiye niliyechelewa kujibu.

Mwezi huu haitawezekana. Kifungo ana kikohozi, si kikubwa. Mvua zimeharibu barabara. Halafu ni wakati wa mitihani na wapishi hawapewi ruhusa. Mwezi ujao pia sijui.

Gauni limemkaa, ila linabana kwapani. Amekua, unajua. Alikataa kulivua, akalala nalo. Chaki ameshachora nayo ukuta wangu, jogoo mwenye miguu minne. Nakutumia uzi mpya, pima upya.

Unaniambia dawa ni yeye. Mdogo wangu, mtoto si kidonge. Ukimbeba ukaanguka naye je? Hilo jora ulilifikisha mlangoni, sawa, na baada ya mlangoni ilikuwaje? Hukuandika. Kifua kinachoniandikia kwa mwandiko uliopinda hakinidanganyi.

Rudi hospitali. Subiri huyo mama daktari arudi, yeye anakujua.

Dada yako


28 Juni

Dada yangu,

Nakusalimu nikiwa kitandani, wodi ya wanawake, upande wa mbali na dirisha. Usipige kelele, mwenzio nimeshavuka.

Ilikuwa hivi. Mzee Pindo alifungua karakana asubuhi akanikuta nimelala juu ya cherehani, shavu kwenye kola ya shati. Akadhani nimeng'ang'ania kazi, akaanza kunifokea. Si uende nyumbani ukalale kama watu? Nikamwambia siwezi kulala, Mzee, nikilala kinaniua. Tangu lini? Tangu Februari. Akavua miwani, kisha akaenda barabarani kutafuta gari, na futi yake ikining'inia shingoni.

Daktari wangu amerudi. Kitu cha kwanza aliniuliza, unalalaje? Dada, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nalalaje. Nikamwambia nalala nimekaa, nimeinama. Akaniinamisha pale pale, akaniwekea kile chombo kifuani, akasikiliza muda mrefu. Nikamwuliza unasikia nini? Akanitia masikioni nisikie mwenyewe. Moyo wangu ulikuwa unakwaruza. Unajua viatu vipya vya ngozi mtu akitembea navyo? Basi vile.

Akanieleza, na nilipomwambia mimi ni fundi wa nguo akatafuta maneno ya kifundi. Moyo una bitana lake kama koti. Wale askari wangu waliochanganyikiwa wamelivamia bitana, limevimba, maji yameingia katikati, na kila moyo ukipiga vinasuguana. Nikilala, uzito wote unaangukia pale pale penye kidonda. Nikiinama, moyo unapata nafasi. Kumbe si kazi iliyokuwa inanituliza. Ni kule kuinama. Yule kijana nilimwambia kazi inanituliza, na sikumdanganya, nilimwambia nilichokijua. Mwezi wa nne maji yalikuwa bado kidogo, picha haikuyaona. Na jora la kitambaa, ndiyo, baada ya mlangoni nilikaa kizingitini mpaka wenzangu wakanipepea.

Nikamwuliza, kwa hiyo si kwa sababu ya mtoto? Akasema hapana, si mtoto, ni lupus. Nilitakiwa nifurahi. Nililia mpaka nesi akaja. Kama ingekuwa ni mtoto, nilikuwa najua dawa iko wapi.

Nimepewa vidonge vingine vikali na maji yanapungua. Juzi nimelala chali kwa muda, nikatazama dari. Nilikuwa nimesahau dari likoje.

Mambo mawili. Picha usimwonyeshe tena kwa sasa. Iweke kabatini, usiniulize kwa nini. La pili, unaniandikia kila anachosema. Jogoo, kitana, mbuzi. Hujawahi hata mara moja kuniandikia wewe anakuitaje.

Mdogo wako


19 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisomea stoo ya shule, nimekaa juu ya gunia, wenzangu wakinitafuta. Nashukuru uko hai. Mwambie Mzee Pindo akija huku hatanunua chakula.

Ananiita mama.

Sikumfundisha. Mara ya kwanza ilikuwa Machi, siku ileile niliyokupimia uzi. Nikamwambia mimi si mama, mimi ni mama mkubwa, sema mama mkubwa. Akasema mama, akaishia hapo. Nikamsahihisha wiki ile, na wiki ya pili. Halafu nikaacha. Huko kuacha ndiko kwangu, simsingizii mtoto. Umri wangu huu wote hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Ukisikia mtu anakuita hivyo kutoka upande wa pili wa uani, mikono ina povu, unageuka kabla hujafikiri.

Wewe anakuita mama wa kwenye picha. Hilo nalo amelitunga mwenyewe. Picha nimeifungia kabatini kama ulivyosema. Jioni ya kwanza aliitafuta na kijiko mkononi, akaangalia mpaka chini ya kitanda. Nilimwambia imelala.

Sasa na mimi nikuulize, na unijibu bila kuzunguka. Kwa nini picha ifichwe? Unaniachia huyu mtoto? Kama unaniachia, niambie. Kama huniachii, niambie vilevile, nijue nalala vipi. Nimezoea nyumba ya kimya, naweza kuirudia, lakini si kwa kushtukizwa.

Uzi nauweka humu. Amezidi vidole vitatu.

Dada yako


8 Agosti

Dada yangu,

Sikuachii. Nakuja mwenyewe.

Nimetoka wodini, nalala chali kama mtu wa kawaida, nashona nusu siku. Hasira nawe sina. Mwanangu ameishi kwa mtu aliyemgeukia alipoita, ningetaka nini zaidi.

Mwisho wa mwezi nitapanda basi la alfajiri, nitafika mchana, usiache kazi kwa ajili yangu, mlango naujua. Fungasha nguo zake. Gauni nililoshona kwa uzi wako wa Julai limo humu, mvalishe siku hiyo nimwone nalo.

Ukiniona usishtuke. Dawa zina mambo yake.

Mama Kifungo


6 Septemba

Mdogo wangu,

Uliondoka bila yeye.

Nguo zake zilikuwa zimefungashwa tangu wiki ya kabla yake, ziko mlangoni mpaka leo, sijui nizifungue au niziache. Niliporudi kutoka shuleni siku ile nikakukuta umekaa kivulini na mtoto anakuonyesha vijiko vyangu kimoja kimoja, nilikujua kwa mwavuli. Nisamehe, lakini kwa uso nisingekujua. Nikaenda kuteka maji ambayo sikuyahitaji.

Siku tatu ukalala kwangu. Ulicheka, ulinishonea pindo la pazia, ulikula. Halafu asubuhi ukaniambia ulikuja kutembea tu, ukafungua mwavuli ukaenda. Hukumbusu kwa muda mrefu, hukufanya chochote. Nilisimama mlangoni kama nguzo.

Kuna kitu kilitokea kabla sijarudi. Bibi jirani, niliyemwomba akae naye kwangu siku ile, anasema yeye alikuwa ndani anachambua mboga, hajui. Wewe unajua. Niambie.

Dada yako


21 Septemba

Dada yangu,

Salamu kwa wote. Mzee Pindo ameanza kunikataza kuinama, nikiinama tu ananiambia kaa wima nikuone. Karakana nzima inamcheka.

Kweli kilitokea kitu. Sikukwambia kwa sababu ningekwambia ungenibembeleza, na ungenibembeleza ningemchukua.

Nilifika, nikasukuma geti. Alikuwa kizingitini peke yake, anachimba udongo kwa kijiko. Nilimjua kwa gauni kabla sijamjua kwa uso, maana uso amebadilika, amekuwa mtu. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. Nikapiga magoti mbele yake ili tulingane, mwavuli ukanidondoka.

Aliniangalia. Unajua jinsi dawa zilivyonifanya, umeniona, mashavu yamejaa mpaka macho yamebaki kidogo, na nywele zilizobaki ni za kufichwa. Ndiyo maana nilikwambia ufiche picha. Sikutaka ajifunze uso ambao sitakuja nao. Aliniangalia vizuri, hakuogopa. Akaweka kijiko chini kwa adabu. Akasema, "Shikamoo, bibi."

Sikuitikia. Nilikuwa nasubiri aangalie tena. Akarudia, "Shikamoo, bibi." Mara ya tatu nikaona mdomo unaanza kutetemeka, anadhani ni yeye aliyekosea. Ikabidi nimwitikie. Nikasema, "Marahaba, mwanangu." Akafurahi huyo, akaniletea kijiko nichimbe naye.

Siku tatu nilikuwa bibi. Nadhani nilikuwa bibi mzuri. Siku ya pili alijikwaa hapo uani, mimi nilikuwa hatua moja tu kutoka kwake, nimeshanyosha mikono. Akanipita. Alikimbia mpaka jikoni kwako akilia mama, nawe ukageuka, mikono ina povu, kama ulivyoniandikia. Nikajua siwezi. Ameshaondolewa kwa mama yake mara moja, na mara ile hakuelewa. Nikimbeba nimpandishe basi akiwa na bibi ambaye hamjui, hiyo itakuwa mara ya pili, na sasa anaelewa.

Ndani ya basi kifua kikanishika. Nikasema haya, kimerudi. Nikafanya kama daktari alivyonifundisha, nikainama mbele, kichwa kwenye kiti cha mwenzangu. Nikasubiri kitulie. Hakikutulia. Nikavuta pumzi ndefu, haikuchoma. Nikajilaza nyuma, ni vilevile. Nikainama tena, ni vilevile. Ndipo nikajua hiki si kile.

Daktari nimemweleza yote, na safari hii nilimweleza vizuri, nalalaje, nakaaje, nilikuwa natoka wapi. Amenisikiliza moyo, haukwaruzi. Akasema maumivu yote mawili ni ya kweli, ila haya ya pili hana kidonge chake. Akaandika hivyohivyo. Nilimshukuru kwa kutoniambia ni mawazo tu.

Sasa nisikilize, Dada. Vidonge vikali vinapunguzwa kidogo kidogo. Haviwezi kukatwa ghafla, lakini vinapunguzwa. Anasema uso wangu utarudi. Si kesho, na si lazima wote, lakini utarudi. Asubuhi najipima kwa vidole hapa chini ya macho, na naona kama kuna mfupa unaanza kujitokeza. Mzee Pindo anasema hauoni. Mimi nauona.

Kwa hiyo picha itoe kabatini. Ile ile ya kilemba cha bluu, usitafute nyingine. Mwache aibusu, mwache ailishe uji, ikilowa yote ianike. Aujue ule uso vizuri, ili siku nikirudi nao asipate taabu. Nguo zake zifungue uzirudishe kabatini, zitakuwa zimembana nitakapokuja. Na akikuita mama, itika, asiite mara tatu.

Nitumie uzi.

Ni mimi,
mama wa kwenye picha